Muulize Mkemia: Kumarini ya mbegu na kumarini ya chupa

Toleo lililopita niliandika sentensi mbili tu kuhusu kumarini, nikasema ndiyo inayozipa nyasi zilizokaushwa ile harufu tamu inayokaribia vanila. Sentensi hizo mbili zimeniletea barua nyingi kuliko makala yote niliyoiandika kwa bidii. Nimefurahi, maana hii ni molekuli niliyoishi nayo muda mrefu. Nimechagua barua tano, na ukurasa wote wa leo ni wa kumarini.

*

*Mwalimu, natengeneza sabuni na mafuta ya kupaka kwa mikono yangu. Anayeniuzia malighafi ana kumarini za aina mbili: moja anaiita ya asili, kutoka mbegu za tonka, nyingine ya maabara. Ya asili bei yake ni ya juu mno. Je, kweli ni vitu viwili tofauti? — Mtengeneza sabuni*

Kama zote mbili ni fuwele nyeupe safi, basi ni kitu kimoja. Kaboni tisa, haidrojeni sita, oksijeni mbili. Atomi hizo zimejipanga katika pete mbili zenye pembe sita kila moja, zilizoshikana ubavuni. Ya kwanza ni pete ya benzini, kaboni tupu. Ya pili ina kaboni tano na oksijeni moja, na ile oksijeni nyingine imening'inia nje ya pete. Mti wa tonka, ambao kwao ni misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini, unaijenga hivyo hivyo, na chupa ya maabara inaijenga hivyo hivyo.

Utauliza, tunajuaje? Siku hizi kuna mashine za kupima hayo, lakini ipo njia ya zamani ninayoipenda zaidi kwa sababu mwanafunzi anaiona kwa macho yake. Kumarini safi huyeyuka karibu na nyuzi 70 za Selsiasi. Ukichanganya vitu viwili tofauti, hata kama kila kimoja peke yake kinayeyuka kwenye nyuzi 70, mchanganyiko huanza kulainika mapema, chini ya hapo, na huchukua muda kumalizika. Basi unasaga pamoja fuwele ulizozitoa kwenye mbegu na fuwele ulizozitengeneza, unazitia kwenye kineli chembamba cha kioo kando ya kipimajoto, unapasha moto polepole. Wanafunzi wangu wamefanya hivyo mara nyingi, na kila mara mchanganyiko umeyeyuka palepale ambapo kila upande ulikuwa umeyeyuka peke yake. Kipimo hicho hakidanganyi kirahisi.

Kutazama tu kunadanganya. Mwaka 1820 August Vogel wa Munich alizitoa fuwele hizi kwenye mbegu za tonka akadhani ni asidi ya benzoiki, ambayo nayo ni fuwele nyeupe. Mwaka huohuo, Ufaransa, Nicolas Guibourt alionyesha kwamba ni kitu kingine kabisa. Asidi ya benzoiki huyeyuka kwenye nyuzi 122. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 50!

Ipo tofauti moja ya kweli, nayo ni umri wa kaboni. Mmea huvuta kaboni hewani, na kaboni ya hewani ina chembe chache za kaboni-14, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 5,730 hivi. Kumarini ya maabara kwa kawaida imetokana na makaa ya mawe au petroli, vitu vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni-14 yake ilishakwisha. Maabara za kupambana na udanganyifu hutumia kipimo hiki kumkamata anayeandika "asili" kwenye chupa isiyo ya asili. Pua yako, ngozi yako na sabuni yako haviwezi kuitambua tofauti hiyo.

Nisikuache nusu njia, lakini. Kama hicho cha bei kubwa si fuwele nyeupe bali ni dondoo la mbegu, lenye rangi ya kahawia na utando wa mafuta, hapo unanunua kumarini pamoja na wenzake wengi waliotoka nao kwenye mbegu, na harufu yake ni nene zaidi. Hiyo ni bidhaa nyingine na ina haki ya kuwa na bei nyingine. Muulize anayekuuzia: fuwele au dondoo? Kisha muulize cheti cha usafi, maana chupa ya maabara iliyosafishwa vibaya inaweza kubaki na masalia ya malighafi. Na kumbuka kuwa kumarini huwasha ngozi za watu wachache. Umoja wa Ulaya unataka jina lake liandikwe kwenye lebo ya bidhaa ya kupaka ikizidi asilimia 0.001, na ya kuoshwa ikizidi asilimia 0.01. Sheria hiyo haiulizi ilitoka mmeani au maabara.

*

*Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu kinasema Perkin alitengeneza kumarini mwaka 1868. Kimechora mshale mmoja, upande huu malighafi, upande ule kumarini, basi. Katikati ya mshale kunatokea nini? Pete inafungwaje? — Mwanafunzi wa sekondari*

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Usikubali kamwe mshale mtupu.

William Henry Perkin wa Uingereza ndiye yule aliyepata rangi ya zambarau ya movu mwaka 1856 akiwa na miaka 18. Miaka kumi na miwili baadaye aligeukia harufu. Alichukua salisilaldehaidi, kimiminika chenye harufu inayokaribia lozi chungu. Ichore sasa hivi pembeni ya daftari: pete ya benzini, na juu yake majirani wawili waliokaa kwenye kaboni mbili zinazofuatana. Mmoja ni OH, yaani oksijeni iliyoshika haidrojeni, mwingine ni CHO, yaani kaboni iliyoshika haidrojeni na oksijeni. Ujirani huo ndio siri ya kazi yote. Wangekaa mbali, pete ya pili isingepatikana.

Kwa hiyo pete moja unayo tayari. Ya pili inahitaji kaboni mbili zaidi, na Perkin alizipata kwenye anhidridi ya asetiki, ambayo ni molekuli mbili za asidi ya siki zilizounganishwa baada ya kutoa maji. Sisi maabara tunaongeza asetati ya sodiamu iliyokaushwa kabisa, tunapasha moto kwa saa kadhaa karibu na nyuzi 180. Kukausha huko si mapambo. Tone la maji linaigeuza anhidridi kuwa siki ya kawaida na kazi inakufa. Ndiyo maana nilikuwa nazikagua chupa za wanafunzi mmoja mmoja kabla jiko halijawashwa.

Sasa tuingie ndani ya mshale. Asetati inang'oa haidrojeni moja kwenye ncha ya anhidridi. Kaboni iliyobaki na elektroni za ziada inaishambulia kaboni ya CHO na kujifunga nayo. Maji yanatoka kwa mara ya kwanza, na mahali hapo pakabaki kifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni. Kwa hiyo sasa pete ya benzini ina mkono mrefu wenye asidi mwishoni, na kando yake bado OH inasubiri. Asidi hiyo ikikutana na OH, maji yanatoka kwa mara ya pili, na pete inafungwa. Hesabu atomi uone: salisilaldehaidi ni C7H6O2, asidi ya siki ni C2H4O2, jumla C9H10O4. Toa maji mawili. Unabaki na C9H6O2, kumarini.

Lakini ngoja. Kifungo maradufu hakizunguki. Mkono ule unaweza kugandia kwa namna mbili: asidi ikiwa upande uleule wa OH, au ikiwa upande wa pili. Ni kama watu wawili wanaotaka kupeana mikono: waliokaa upande mmoja wa ukuta wanafikiana, waliotenganishwa na ukuta hawafikiani hata wakinyoosha vipi. Umbo la kwanza wakemia huliita sisi, la pili transi. Sisi inajifunga yenyewe, haihitaji kubembelezwa. Transi inabaki wazi, na ndiyo uchafu utakaoukuta mwishoni mwa kazi. Namna ya kuuondoa ni nzuri mno: osha kwa maji ya bikabonati. Transi ni asidi, hivyo inayeyukia humo na kwenda zake. Kumarini iliyofungwa haina asidi wazi, kwa hiyo inabaki.

Mmea nao unapambana na kizuizi hichohicho. Unaanzia kwenye asidi amino ya fenilalanini, unaigeuza kuwa asidi ya sinamiki, unaiwekea OH mahali panapotakiwa, kisha unaifunika OH hiyo kwa sukari ili isifanye lolote. Mwanga wa jua ndio unaogeuza transi kuwa sisi. Hapo kila kitu kiko tayari ila kifuniko cha sukari. Jani likikatwa na kuanza kunyauka, seli zinapasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinaifikia sukari na kuing'oa, na pete inajifunga papo hapo. Ndiyo sababu nyasi zenye kumarini hazinukii sana zikiwa hai shambani, ila zinanukia vizuri zikishakatwa.

Jaribio la kumwomba mwalimu wako mlifanye pamoja, na miwani ya kinga machoni: chukua kumarini kidogo kwenye neli ya majaribio, ongeza maji. Haiyeyuki vizuri. Ongeza myeyusho wa haidroksidi ya sodiamu, pasha moto taratibu. Inayeyuka, na myeyusho unakuwa wa njano. Umeifungua pete. Poza, kisha tia asidi ya haidrokloriki tone kwa tone hadi myeyusho uwe wa asidi. Fuwele nyeupe zinarudi na harufu inarudi. Pete imejifunga tena mbele ya macho yako. Hilo la Perkin lenyewe usilijaribu nje ya maabara yenye kivuta hewa. Mvuke wa anhidridi ya asetiki unachoma macho na mapafu.

Baada ya Perkin wengine walipata njia za mkato. Hans von Pechmann, mwaka 1883, alionyesha kwamba fenoli, yaani pete ya benzini yenye OH, na esta fulani vikikutana ndani ya asidi kali pete inafungwa kwa hatua chache. Kwa darasa hiyo ndiyo naipendelea. Ukitumia resosinoli, fenoli yenye OH mbili, unapata ndugu wa kumarini anayetoa mwanga wa buluu chini ya taa ya urujuanimno, na sijaona mwanafunzi aliyeuona mwanga huo akabaki kimya.

*

*Mama yangu anatumia warfarini baada ya damu kuganda mguuni. Nimesoma kuwa warfarini ni jamii ya kumarini. Je, aache kila kitu chenye kumarini, hata manukato? Naogopa. — Mwana anayejali*

Pole sana, ndugu yangu, na mpe mama pole zangu. Kwanza nikuondolee hofu: kumarini yenyewe haizuii damu kuganda. Warfarini, dawa inayozuia damu kuganda, imejengwa juu ya kiunzi chake, ila imeongezewa vitu viwili ambavyo kumarini haina: OH kwenye kaboni ya nne ya mfumo wa pete, na tawi kubwa kwenye kaboni ya tatu. Nyongeza hizo ndizo zinazoiwezesha kukiziba kimeng'enya kinachorejesha vitamini K kazini ndani ya ini. Vitamini K ikikwama, ini haliwezi kukamilisha protini za kugandisha damu.

Uhusiano wake na kumarini ni wa kweli, na ulianza kwa msiba wa wafugaji. Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya melilotus, mmea wa jamii ya mikunde wenye kumarini nyingi. Majani mazuri hayakuwadhuru. Yaliyoua ni yaliyoota ukungu. Mwezi Februari 1933, katika dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin aliendesha gari karibu kilomita 300 akiwa na ndama aliyekufa, mzigo wa majani yale na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akafika kwenye maabara ya Karl Paul Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Kikosi cha Link kilifanya kazi miaka sita kabla ya kupata fuwele za sumu yenyewe, mwaka 1939. Ilikuwa dikumaroli: ukungu umeweka OH kwenye kiunzi cha kumarini, kisha viunzi viwili vikaunganishwa kwa kaboni moja. Mwaka 1940 waliitengeneza maabara, wakathibitisha kwamba ndiyo. Warfarini ilitokana na kazi hiyo. Ilianza mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa Marekani kuwa dawa ya binadamu.

Kwa hiyo manukato ya mama hayana tatizo. Mdalasini nao una kumarini, lakini kidogo wa kuonjea chakula si wa kuogopa. Asimeze vidonge vya mdalasini au virutubisho vya mitishamba bila kumwambia daktari, na asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa sababu mboga hizo zina vitamini K, na dozi yake imepimwa kulingana na anavyokula siku zote. Vipimo vya damu asikose hata kimoja.

*

*Mwalimu, kama kumarini ya mmea na ya maabara ni sawa, na haizuii damu kuganda, mbona Marekani waliipiga marufuku kwenye chakula? — Msomaji asiyeridhika*

Kwa sababu ya ini. Kumarini iliwahi kutiwa kwenye vyakula kuiga ladha ya vanila, hadi mwaka 1954 ilipopigwa marufuku Marekani baada ya majaribio kuonyesha inaumiza maini ya wanyama. Binadamu walio wengi wana kimeng'enya kinachoiwekea OH kwenye kaboni ya saba na kuitoa nje na mkojo bila shida. Panya kwa sehemu kubwa hupitia njia nyingine, yenye kitu kikali kinachoharibu ini. Tatizo ni kwamba kimeng'enya hicho hakilingani kwa watu wote, na wapo wachache ambao ini lao huumia kwa kiasi ambacho jirani yao hakihisi.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ana miligramu 6. Sasa tazama mdalasini. Ule wa kasia una takriban gramu 3 za kumarini katika kila kilo, ingawa hupanda na kushuka sana, hivyo gramu 2 za unga wake zinatosha kumfikisha mtu huyo kwenye kikomo. Mdalasini wa Ceylon una chembe tu. Vijiti vinatofautishika: kasia ni gome moja nene lililojikunja, Ceylon ni matabaka mengi membamba yaliyosokotwa pamoja. Ukishasagwa, jicho haliwezi tena.

Kuzidisha siku moja si balaa, kwani kikomo hicho kimewekwa kwa anayekula kila siku maishani. Ninaowasihi ni wale wanaokunywa unga wa kasia kwa vijiko kila asubuhi kama tiba, wakijipa moyo kwamba ni mmea tu. Ini linapokea C9H6O2. Nawaomba wabadilishe, watumie Ceylon, au wapunguze.

*

*Nilikamua ndimu nyingi nikiwa juani. Kesho yake mikono ilikuwa na malengelenge, sasa ina mabaka meusi. Ndimu imeniunguza? — Mwenye mabaka*

Ndimu na jua kwa pamoja. Kwenye ganda la ndimu kuna furanokumarini, yaani kumarini iliyoongezewa pete ya tatu, ndogo, yenye pembe tano. Pete hiyo moja inaipa tabia mpya kabisa: molekuli nzima inapenya katikati ya ngazi za DNA ya ngozi, na mwanga wa urujuanimno ukiipiga inajishikiza humo. Seli zinakufa, ngozi inavimba, kisha inabaki nyeusi. Madaktari wa ngozi hutumia nguvu hiyohiyo, kwa kipimo na kwa taa maalumu, kutibu pumu ya ngozi na mabaka meupe ya vitiligo.

Mabaka yako yatafifia yenyewe, huenda yakachukua wiki hadi miezi. Usiyasugue wala usiyapake krimu za kung'arisha ngozi, na yafunike ukiwa juani. Malengelenge yakitoa usaha, nenda hospitali. Siku nyingine ukimaliza kukamua, osha mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko kabla hujatoka nje.